Mstari wa Futi Ishirini na Mbili

Jabez Tolley hakuwa mtu wa kukaa. Mji mzima wa Ambleford ulilijua hilo, kuanzia kasisi hadi muuza samaki. Alikuwa kiguu na njia tangu utotoni. Mama yake alimfunga mshipi kwenye kiti siku moja ili amalize uji, naye akaondoka na kiti. Kanisani alikalia ukingo wa benchi, mguu mmoja tayari uko njiani, na mahubiri yakizidi robo saa mkewe Thirza alikuwa akimkanyaga kidole ili atulie.

Sasa mtu wa namna hiyo, Mungu alimleta duniani wapi? Nyuma ya baa ya Swan, kando ya uwanja wa matufe! Mchezo wenyewe ni wazee wenye vitambi wanaoviringisha tufe la mti juu ya nyasi, wanalifuata polepole, wanaliinamia, wanabishana ni la nani lililo karibu zaidi, wanakunywa bia, kisha wanaanza upya. Baba yake Jabez alikuwa mtunza uwanja huo, na babu yake kabla ya baba. Baba alipofariki, uwanja ukaangukia kwa Reuben, kaka mkubwa, aliyempita Jabez kwa miaka tisa na kwa uzito wa magunia mawili. Reuben aliweza kukaa kwenye benchi la baba yao tangu adhuhuri mpaka jua kuzama, akitazama nyasi zikiota.

"Nyasi hizi zina umri wa miaka mia mbili," alikuwa akisema. "Hakuna aliyewahi kuziharakisha."

Jabez alifanya kazi chini ya kaka yake miaka kumi na mbili, na kila siku ya miaka hiyo nyayo zilimwasha. Kisha, mwaka 1875, mabwana wa klabu ya juu kilimani, waliokuwa wamechoka kugonga mipira kwa nyundo kuipitisha kwenye vijitao vya chuma, walileta mchezo mpya kutoka London. Wavu katikati, raketi mkononi, na mpira wa raba unaoruka. Jabez alikuwa amepeleka mzigo wa mbolea pale klabu. Akaona mabwana wazima, wenye ndevu na saa za dhahabu, wanakimbia. Wanakimbia juu ya nyasi, jasho linawatoka, wanapiga kelele! Alisahau mbolea yake getini. Wiki iliyofuata alikuwa ameomba kazi ya kutunza uwanja ule, akaipata, pamoja na kijumba cha mawe kilicho nyuma ya ua wa klabu.

Reuben hakuamini masikio yake.

"Unaacha nyasi za baba ukawachoree mistari watu wanaorukaruka?"

"Angalau wao wanaruka, kaka. Hapa hata konokono wanapiga miayo."

"Huo mchezo hauna hata sheria. Wenyewe hawajui unavyochezwa. Mwaka kesho watakuwa wamehamia kwenye kuruka kamba, nawe utakuja hapa umeukunja mkia."

"Nikija, usinifungulie."

"Sitafungua."

Maneno ya hasira hayo, na hasira hasara. Ndugu wa tumbo moja walikaa miaka mitano bila kusemezana. Kanisani mmoja alikaa kulia, mwingine kushoto. Thirza na mke wa Reuben walipelekeana mayai na salamu, lakini wanaume wenyewe walipitana barabarani, kila mmoja kana kwamba mwenzake ni nguzo.

Na tuseme ukweli, kuhusu sheria Reuben hakukosea. Mabwana wale walikuwa wagumu kuridhika, ajabu! Mwaka wa kwanza uwanja ulitakiwa uwe mwembamba kiunoni, kwenye wavu, na mpana miguuni na kichwani, na Jabez alipima jioni tatu mpaka ukakaa sawa. Akamaliza. Wakasema sasa unyooke. Walihesabu moja, mbili, tatu hadi kumi na tano; kisha wakaanza kuhesabu kumi na tano, thelathini, arobaini, na mpaka leo sijampata wa kunieleza kwa nini isiwe arobaini na tano. Wavu ulikuwa futi tano kwenye nguzo. Mwaka uliofuata ukashushwa inchi tatu, Jabez akachukua msumeno. Kisha ukashushwa hadi futi nne, Jabez akachukua msumeno tena. Vile vipande vya nguzo hakuvitupa. Kimoja alizuilia mlango, vingine aliviweka chini ya mguu mfupi wa meza ya jikoni. Thirza naye ndiye aliyekuwa akiivalisha mipira ya raba vazi la kitambaa cheupe cha flana, kwa sindano, mshono kwa mshono. Walipobadilisha ukubwa na uzito wa mpira alikuwa amekwisha kushona dazeni nne. Alisema maneno ambayo hayamo katika kitabu cha nyimbo.

Lakini jambo lililowasumbua mabwana kuliko yote ni mpira wa kuanzia. Anayeanzisha lazima auangushe kati ya wavu na mstari fulani. Mstari ukiwa mbali na wavu, mwenye mkono mzito anapiga kombora, na mwenzake anabaki kuangalia vumbi. Basi wakausogeza. Mwanzo ulikuwa futi ishirini na sita kutoka kwenye wavu. Wakaja na ishirini na mbili. Halafu, masika ya mwaka 1880, ikaletwa karatasi nyingine ya sheria: ishirini na moja.

Futi moja tu. Ukiwaambia watu kuwa mtu alipoteza nyumba kwa futi moja, watacheka. Ngoja niwaeleze.

Miaka miwili kabla, wakati wa ile futi ishirini na mbili, mashindano ya Ambleford yalinyeshewa siku nne mfululizo. Mtunza uwanja mwenye akili huchora mistari kwa unga wa chaki, na ikinyesha anangoja, anachora upya. Jabez hakujua kungoja. Alichora alfajiri, mvua ikafuta. Akachora saa tatu, ikafuta. Saa nne, huku wachezaji wakipasha miguu moto, alikimbilia kwa waashi waliokuwa wakijenga ukuta wa kanisa, akarudi na ndoo ya chokaa kali, ile isiyopozwa, akaimimina kufuata kamba yake ya kupimia. Mistari ikang'aa kuliko meno. Meja Pennefather, katibu wa klabu, alimpa mkono. Baada ya siku tisa nyasi zilizokuwa chini ya chokaa zikafa.

Mistari ya pembeni haikuwa tatizo, maana ilichorwa palepale kila mwaka. Ila mstari wa futi ishirini na mbili, sheria ilipobadilika, ukabaki pale ulipo, kovu upana wa kiganja, toka upande hadi upande, katika kila nusu ya uwanja. Kipupwe ulijificha kidogo. Jua likiwaka ulirudi, mweupe, mkavu, futi moja tu nyuma ya mstari mpya, na ukiupiga kwa kisigino ulitoa moshi.

Na mwaka huo wa 1880 jua liliwaka. Wiki tatu kabla ya mashindano Meja alisimama mbele ya kamati, akamwita Jabez, akamwonyesha kwa fimbo yake.

"Tolley, kuna mabwana wanakuja hapa kwa treni kutoka mikoa mitano. Mimi nina mstari mmoja kwenye karatasi na miwili kwenye nyasi. Mstari huu wa zamani ukileta lalamiko hata moja, moja tu, nitamtafuta mtunza uwanja mwingine, na kijumba kitakuwa chake. Nimesema mbele ya mashahidi."

"Hautaonekana, Bwana Meja."

"Natumaini hivyo. Mke wako ana mkono mzuri sana wa mipira."

Tangu siku hiyo Jabez hakutulia kabisa. Roho ilikuwa juu juu. Alipanda mbegu, mbegu ziliota majani matatu zikanyauka, chokaa ilikuwa imekwenda chini mno. Alimwaga samadi, akapata nzi. Alikula amesimama. Alikuwa akiinuka mezani katikati ya mlo kwenda kutazama kovu, kana kwamba litaota akiligeuzia kisogo. Hata Duchess, farasi wake mdogo wa kuvuta rola, aliyevalishwa viatu vya ngozi ili kwato zisitoboe nyasi, alianza kumkwepa, maana alivalishwa na kuvuliwa mara sita kwa siku.

Ikaja hila ya spinachi. Usiniulize nani aliyemshauri. Alichemsha majani ya spinachi sufuria nzima, akapaka kovu kwa brashi mpaka likawa kijani kibichi. Akaita watu waone. Mchana huo Bwana Percival Dauncey, mpwa wa Meja, akateleza juu yake na kuinuka na suruali nyeupe iliyochorwa kijani toka goti hadi kiuno.

"Umemgeuza yule kijana bustani," Thirza alisema. "Mume wangu, acha kupaka rangi. Unajua dawa iko wapi. Mimi najua, na Duchess anajua."

"Sijui unasema nini."

"Nasema nyasi. Nyasi zilizoshiba, na udongo wake na mizizi yake, zikatwe zilazwe hapa. Na nyasi fupi na laini za namna hii ziko mahali pamoja tu Ambleford."

"Nilisema asinifungulie."

"Basi pitia dirishani! Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nyumba hii naipenda, Jabez. Nimeshona mipira mia tatu kwenye dirisha lile."

Akaenda. Alizunguka baa ya Swan mara tatu kabla ya kuingia. Reuben alikuwa kwenye benchi la baba yao, mikono juu ya tumbo, wazee wawili wakicheza mbele yake, Bwana Figgis mtengeneza saa na mzee Oddy wa stesheni. Reuben hakugeuza kichwa.

"Kuna mtu kasimama kwenye jua langu," alisema.

"Ni mimi, kaka."

"Nani? Nilikuwa na mdogo wangu, lakini yeye hakuwahi kusimama mahali pamoja kiasi hiki."

Jabez akasogea, jua likarudi. Akaeleza yote haraka haraka: kovu, Meja, nyumba, mikanda miwili ya nyasi, futi ishirini na saba kila mmoja, upana wa kiganja tu. Angeikata pembezoni, kule mtaroni, kusikochezwa.

"Za pembezoni ni ngumu, zina magugu," Reuben alisema. "Zitaonekana kama kiraka cha gunia kwenye suruali. Zinazofaa ni za katikati."

"Sijaomba za katikati."

"Ndiyo maana nasema hujui unachoomba." Kisha akasogea kidogo kwenye benchi, na lile benchi likalia. "Kaa."

"Nini?"

"Kaa hapa. Figgis na Oddy ndiyo kwanza wanaanza. Kaa na mimi mpaka mchezo uishe, bila kuinuka. Ukimaliza, nitakupa nyasi. Baba alifariki ukiwa umekwenda kutazama ngamia wa sarakasi. Kwa hiyo leo kaa."

Jabez akakaa. Nakwambia ile ilikuwa kazi! Tufe la kwanza likaviringishwa, likasimama. Wazee wakaliendea. Wakaliinamia. Figgis akatoa miwani. Oddy akasema ni lake. Wakarudi. Jabez akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Magoti yakaanza kucheza yenyewe. Akahesabu matofali ya ukuta. Nusu saa ikapita, ikawa saa nzima, na Reuben mara moja tu alimtazama kwa pembeni, na uso wake ulikuwa umelainika. Yakabaki matufe manne tu. Manne! Ndipo Jabez alipoona wingu jeusi nyuma ya mnara wa kanisa. Akakumbuka mistari mipya aliyoichora asubuhi. Akakumbuka wavu alioacha nje. Hakujua ameinuka mpaka aliposikia kaka yake akisema, polepole, "Haya. Nenda."

"Kaka, wingu lile..."

"Nimeliona. Nenda kwenye uwanja wako."

Wingu lenyewe halikudondosha tone. Alifika juu kilimani akasimama kwenye jua, akajitukana kwa sauti mpaka Thirza akatoka kumtazama.

Mwishowe alikata nyasi za mtaroni mwa barabara, akazilaza, akazishindilia kwa rola. Zilikaa kama alivyosema Reuben, kiraka cha gunia, na jua likazikausha zikapasuka, chokaa ikachungulia katikati. Hivyo ndivyo mashindano yalivyomkuta.

Siku tatu za kwanza zilikwenda salama. Watu walivutiwa zaidi na sheria nyingine mpya: haikuruhusiwa tena kunyoosha mkono juu ya wavu na kuupiga mpira kabla haujafika upande wako, na mabwana waliozoea ujambazi huo walikuwa wakisahau, wakiadhibiwa, wakinuna. Jabez alizunguka uwanja toka asubuhi hadi jioni na ufagio mkononi. Kila mpira wa kuanzia ulipoanguka alitega sikio. Alijifunza kuusikia: ukidunda kwenye nyasi nzuri una sauti moja, ukidunda kwenye kovu una nyingine, kavu.

Fainali ilikuwa Jumamosi. Percival Dauncey, mpwa wa Meja, dhidi ya Bwana Treadgold, kasisi msaidizi kijana kutoka Shropshire, mwembamba, mwenye kikohozi, aliyekuja na raketi moja tu na mkoba wa mikate. Ambleford nzima ilikuwa pale, wanawake chini ya miavuli ya jua, kamati kwenye viti vyenye mito. Nyuma ya ua, penye pengo, palikuwa na kofia kubwa ya majani ambayo Jabez aliijua, lakini hakuwa na muda nayo.

Walishindana saa mbili. Wakawa sawa, seti mbili kwa mbili. Seti ya mwisho Percival akatangulia, michezo mitano kwa minne, naye ndiye anayeanzisha. Mstari mpya ulikuwa umekanyagwa mpaka ukafifia. Arobaini kwa thelathini. Pointi moja, kombe lake.

Percival akainua raketi akapiga kwa nguvu zake zote. Treadgold hakusogea hata hatua. Aliuona unapita mbali akashusha raketi. Moshi mweupe ukaruka.

"Sawa!" akapaza Dokta Mabbott, mwamuzi wa mstari. "Chokaa imeruka! Nimeiona!"

Watu wakainuka, kofia zikarushwa. Percival alikuwa tayari anaruka wavu kumpa mwenzake mkono. Treadgold akabaki pale pale, masikio yamemwiva.

"Samahani," alisema. "Sipendi kulalamika. Lakini mpira ule ulikuwa nje kwa futi nzima."

"Bwana, nimeona chokaa!"

"Hata mimi nimeiona, Dokta. Nauliza ni chokaa ipi."

Meja Pennefather, ambaye neno lake lilikuwa la mwisho katika mashindano yale, akaingia uwanjani polepole na fimbo yake. Akainama. Mbele yake mstari uliofifia, nyuma yake kovu lililopasuka, na kati ya hivyo viwili nyayo za watu. Hakuna aliyeweza kusoma pale kitu. Akainua uso, akamwona Jabez na ufagio wake hatua kumi tu kutoka hapo.

"Tolley. Wewe ndiye uliyeichora yote miwili. Umeona?"

"Nilikuwa hapa, Bwana Meja."

"Basi tuambie. Mpira umeinua chokaa ya mstari upi?"

Macho mia tatu yakamgeukia. Jabez alimwona Thirza kando ya nguzo na kikapu chake cha mipira, ameshika kitambaa chake mdomoni. Alijua jibu linalotakiwa. Ilikuwa rahisi mno: mpya, Bwana Meja. Neno moja. Daktari angebaki na heshima yake, mpwa na kombe lake, Meja na furaha yake, na Thirza na dirisha lake. Yule kasisi angepanda treni na kikohozi chake, na nani Ambleford angemkumbuka kufikia Jumatatu? Miguu ilimwambia akimbie. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Jabez Tolley alisimama hapohapo bila kutikisika, na watu waliokuwepo walisema baadaye kwamba hilo ndilo lililowatisha.

"Ya zamani," alisema. "Ya futi ishirini na mbili. Nimeisikia kwa masikio yangu kabla sijaiona. Mpira ulikuwa nje, Bwana Meja. Dokta asilaumiwe, kosa ni langu. Chokaa ile niliiweka mimi."

Mtu mmoja kwenye viti vya kamati akasema "Aa!" kama aliyechomwa na mwiba. Meja alimtazama Jabez muda mrefu, masharubu yakimcheza.

"Mpira ulikuwa nje," akatangaza. "Bwana Dauncey ana mpira wa pili wa kuanzia."

Mpira wa pili Percival aliupiga kwenye wavu. Mkono wake ulikuwa umekwisha kupoa, na hasira zilikuwa zimempanda kichwani. Katika nusu saa iliyofuata alishinda mchezo mmoja tu. Kasisi kutoka Shropshire akaondoka na kombe la fedha ndani ya mkoba wa mikate, na kabla ya kupanda gari alimtafuta Jabez, akampa mkono, akataka kusema kitu, akakohoa.

Jioni Meja akaja kwenye kijumba mwenyewe. Alikataa kiti. Alivua kofia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mlangoni pale.

"Ulifanya jambo la kiungwana, Tolley. Nataka ujue nimeliona."

"Asante, Bwana Meja."

"Lakini nilishatamka. Mbele ya kamati nzima. Nikilirudisha neno langu kwa kuwa tu..." Akaizungusha ile kofia mikononi. "Mpaka mwisho wa Septemba. Muwe na muda wa kutosha."

"Sheria ni sheria," Jabez alisema.

"Hasa. Ndiyo. Sheria ni sheria."

"Kweli?" Thirza akadakia kutoka jikoni. "Mbona zote nyingine mnazibadilisha kila masika?"

Meja akavaa kofia akaenda zake. Thirza akakaa dirishani pake akalia, na Jabez, mtu ambaye siku zote alikuwa na mahali pa kukimbilia, alizunguka meza, akazunguka tena, asijue aende wapi. Ni yeye aliyewafikisha pale, yeye na ndoo yake ya chokaa, kwa kushindwa kungoja mvua ipite. Alijua, na ilimuuma vibaya.

Jumatatu asubuhi alikuwa uwanjani akimvalisha Duchess viatu vyake, kwa kuwa Septemba ilikuwa bado na nyasi hazijui habari za kufukuzwa, aliposikia magurudumu. Gari la kukokotwa na farasi lilikuwa linapanda kilima taratibu, kama linapeleka maiti. Juu yake alikuwa Reuben. Nyuma, chini ya magunia yaliyoloweshwa, mikanda ya nyasi ilikuwa imeviringishwa vizuri, mmoja baada ya mwingine.

Jabez akaendea gari. Akafunua gunia. Akapitisha kidole. Nyasi fupi, nzito, laini, kijani cha miaka mia mbili.

"Kaka. Hizi ni za katikati."

"Nilikwambia ndizo zinazofaa."

"Lakini... Kina Figgis watasema nini? Wanacheza wapi?"

"Hawachezi. Mpaka masika. Figgis amesema nina wazimu, Oddy amesema atakunywa baa nyingine." Reuben akashuka, akapumua kwa nguvu, akashika kiuno. "Acha waseme. Lete jembe."

"Kaka, umechelewa. Wamenifukuza. Septemba tunatoka. Huu si uwanja wangu tena."

"Najua. Nilikuwa pale kwenye ua Jumamosi, nilisikia kila neno." Reuben hakumtazama, alikuwa anafungua kamba. "Baba hakuacha kovu kwenye nyasi za mtu. Nawe hutaondoka hapa ukaacha lako. Na vyumba viwili vya juu pale nyumbani vimekaa tupu tangu mama alipofariki. Haya, jembe, mdogo wangu, jua linapanda."

Walichimba kovu lote, udongo mweupe wakautupa nje kwa ndoo, wakaweka udongo mpya, wakalaza mkanda kwa mkanda. Jabez alitaka kwenda mbio. Kila alipoharakisha Reuben aliushika mkono wake tu, na wakaendelea. Iliwachukua siku mbili. Jumanne alasiri hukuweza kujua mahali palipokuwa na mstari.

Mwisho wa Septemba Jabez na Thirza walihamia nyuma ya Swan, na meza, na vile vipande vya nguzo chini ya mguu wake mfupi. Klabu ilimpata mtu mwingine, mzuri tu.

Masika yalipofika, Jabez alianza kuhangaika kama kawaida yake ya miaka yote. Ulikuwa msimu wa ile karatasi. Alikwenda posta mara nne kwa siku kuuliza kama klabu imeletewa sheria mpya, mpaka karani akamwonea huruma, akamsomea. Wameugusa mstari? Hapana, Tolley, mstari uko palepale, ishirini na moja. Mwaka uliofuata wakashusha nguzo tena, lakini mstari hawakuugusa. Hata mwaka baada ya huo. Nami nawaambia hawajausogeza mpaka leo hii ninapoandika.

Siku aliyosomewa karatasi ile alirudi nyumbani moja kwa moja, hakupitia popote. Uwanja wa matufe ulikuwa umefunguliwa siku hiyohiyo, mahali palipokatwa pameshika, ingawa rangi yake ilikuwa bado changa. Figgis na Oddy walikuwa wamerudi, wakinung'unika kwamba matufe yao yanapinda pale katikati. Jabez akakaa kwenye benchi la baba yake. Mikono yake ilikuwa ikichuma nyuzi za suruali, na magoti yakicheza.

"Hawakuusogeza," alisema.

"Ndivyo nilivyosikia," Reuben alijibu.

"Mstari mmoja ndio wameuacha utulie, kaka. Mmoja. Na ndio ule."

Reuben akasogea kidogo, na lile benchi likalia. Figgis akatoa miwani. Oddy akasema ni lake. Wingu likaja nyuma ya mnara wa kanisa, likamwaga matone mazito ya kweli juu ya kofia zao, juu ya matufe, juu ya nyasi changa. Wazee wakaendelea, maana yalibaki matufe manne. Jabez aliangalia juu mara moja. Kisha akashusha macho, maji yakimtiririka shingoni, akangoja.